Mama Aliyekuja Kung'oa Meno Mazima

Kuna sauti ambayo watu wengi huikimbia na mimi naipenda kupita kiasi. Nikikanyaga kipedali cha skela, ile mashine yetu ya kusafishia meno, ncha yake nyembamba inaanza kulia wiii, maji yanatoka kama ukungu, na mimi nasahau hata kama nilikunywa chai asubuhi. Chuoni tulianza na vyuma vya mkono. Unakwangua jino mpaka kiganja kinawaka moto, na ukimaliza mdomo mzima vidole havikunjuki. Skela haikwangui. Inatetemeka kwa kasi ambayo macho hayaioni, na kile kitu kigumu kilichoganda kwenye jino kinapasuka chenyewe na kudondoka. Siku mashine hiyo ilipoletwa kwenye kliniki yetu ya Gitothua, nilimwomba daktari nimsafishe yeye kwanza, naye akakubali, maskini, ili mradi nitulie.

Daktari ni Singasinga, mzaliwa wa Thika, na Kikuyu chake kinanishinda mimi niliyezaliwa nacho. Yeye anang'oa na kuziba. Mimi nasafisha na kung'arisha. Ana maneno machache na mimi ninayo mengi, kwa hivyo tunasikizana. Tunachogombania ni barakoa tu. Nikichangamka katikati ya maelezo huivuta chini ya kidevu ili maneno yatoke vizuri, naye hupita mlangoni na kusema kwa upole wake, "Barakoa, binti yangu."

Na hiyo barakoa ina faida nyingine kwangu, sitaficha. Meno yangu ni ya kahawia. Nililelewa Ngoliba, tukinywa maji ya kisima kirefu, maji yenye madini ambayo huingia kwenye meno ya mtoto wakati bado yanaumbwa ndani ya fizi. Yakichomoza, yamekwisha kupakwa rangi. Hakuna brashi wala mashine itakayoyang'arisha, maana ile rangi haiko juu ya jino, iko ndani. Huku kwetu kila mtu anayajua meno hayo. Tunasema "ni maji" na tunaendelea na maisha. Lakini hebu fikiria umeenda kusafishwa meno, anayekusafisha akacheka, ukaona yake yana rangi ya chai ya turungi.

Basi asubuhi moja akaingia mama mmoja mnene, mwenye sauti nzito, mtu wa magharibi ya nchi, upande wa Butere. Anaishi Kamenu, Thika, kama mimi na anashona katika kiwanda cha nguo hapo Ruiru. Alikuwa ameufunika mdomo kwa ncha ya leso, na hakuiondoa hata alipokuwa akimsalimu daktari.

"Nimekuja kutoa hii meno ya mbele," alisema. "Yote. Juu na chini."

Daktari alimlaza kwenye kiti, akaangalia, akagonga, akatikisa. Meno ya chini ya mbele hayakuonekana vizuri. Yalikuwa yamefunikwa na ukoga, ule uchafu wa meno unaoganda siku nyingi mpaka ukawa jiwe, yote yameshikana kama ukuta mmoja. Ya juu yalikuwa ya kahawia iliyokaribia weusi. Fizi zilitoa damu kwa kuguswa tu. Lakini mizizi ilikuwa imeshika.

"Mama, mimi sing'oi meno mazima," daktari akasema. "Wacha yasafishwe kwanza, tuone."

"Mazima gani haya, daktari? Hii imeharibiwa na maji ya huku, haioshwi. Msichana wangu anaolewa mwezi ujao. Nataka kusimama hapo na meno ya kuwekewa, nikicheka watu wasiangalie kando. Na kama hutaki, kuna mtu hapo nyuma ya soko. Yeye anatoa na kuweka siku hiyo hiyo."

Huyo mtu wa nyuma ya soko tulimjua kwa kazi yake. Watu huja kwetu kutoka kwake mashavu yamevimba, wakiongea kwa mkono. Damu ilinichemka. Daktari alinitazama, akajua kwamba nisiposema nitapasuka, akaniambia, "Nenda naye kwenye kiti chako. Ongea naye."

Nikaongea! Nilimkalisha kwenye kiti changu nikamweleza kila kitu: jinsi ncha inavyotetemeka, jinsi maji yanavyoipoza, jinsi tunavyomaliza kwa brashi ndogo ya kuzunguka na dawa laini yenye ladha ya mnanaa. Nilikuwa nimefika kwenye brashi, mikono yangu yote miwili hewani, nilipoona ananikodolea macho. Barakoa ilikuwa chini ya kidevu.

"Na yako?" akauliza.

"Yangu nini, mama?"

"Meno. Wewe ndio mwenye mashine. Mbona hujajiosha?"

Masikio yaliniwaka. Mimi hasira zangu ziko karibu, mama yangu amelalamika juu yazo tangu niko nasari. "Yangu ni maji!" nikasema, kwa sauti iliyomfanya daktari akohoe katika chumba cha pili. "Ni maji ya Ngoliba, nimeyanywa tangu nizaliwe!"

"Na yangu ni maji!" Naye hakupunguza sauti. "Miaka yote nimeishi Thika naambiwa ni maji. Majirani wako nayo. Msichana wangu ako nayo, kama hiyo yako kabisa. Sasa yako imekataa kutoka, yangu itatokaje?"

Nilivuta taa karibu nikamwangalia tena mdomoni. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeyatazama yale meno ya juu na kujiambia, haya ni maji. Huku hatufikirii mara mbili.

"Mama," nikasema polepole, "ulikuja huku ukiwa na miaka mingapi?"

"Nilikuja nimeolewa. Huyo msichana nikiwa nimembeba mgongoni."

"Na kwenu mlikunywa maji gani?"

"Ya chemchemi. Na ya mvua, kwetu mvua haikosi."

Nilipiga makofi. Nilipiga makofi na kuruka kidogo, na sioni aibu kusema. "Mama, hayo si maji! Jino la mtu mzima halipakwi rangi na maji, lilishaumbwa likaisha! Meno yako yaliumbwa Butere! Unakunywa chai gani?"

"Turungi. Kwa kiwanda bila turungi husimami."

"Basi hiyo ni turungi na ukoga! Iko juu tu! Inatoka!"

Alinitazama, akipima kama mimi ni mtaalamu au nimerukwa na akili. Mwishowe akaishusha ile leso mpaka mapajani. "Osha moja," akasema. "Hapo chini. Nikiona, tunaendelea. Nisipoona, naenda kwa yule wa soko na usinipigie kelele."

Daktari akaja kumdunga ganzi. Nilimvika miwani, nikaweka bomba la kunyonya mate kwenye pembe ya mdomo wake, nikakanyaga kipedali. Moyo ulinidunda kana kwamba mimi ndiye niliyelala pale. Nilishika skela kwa wepesi, maana ukiikandamiza inagoma, unatakiwa kuipitisha tu kama unayefuta vumbi. Ncha ikapita juu ya ule ukuta, maji yakaruka, hakuna kitu. Nikapita tena. Hakuna kitu. Jasho likanitoka kwapani. Nikaingiza ncha kwa nyuma, karibu na ulimi, pale mate yanapotuama, nikaiacha ilie.

Ukuta ukalia "ta." Kipande kikubwa kikabanduka na kudondokea juu ya ulimi wake.

Mama alinikamata kifundo cha mkono, nikadhani kitavunjika. "Mayi wee! Umevunja jino! Nasikia shimo!"

"Si jino, mama! Niachie! Si jino!"

Nilikitoa kile kipande kwa kibano nikakiweka kiganjani mwake. Kilikuwa cha rangi ya kijivu na kahawia, kigumu, kama ule ukoko unaoganda chini ya birika la chai nyumbani kwako. Alikigeuza. Akakikwaruza kwa ukucha.

"Hii ilikuwa kwa mdomo wangu?"

"Na ingine bado iko. Shika kioo."

Akatazama. Katikati ya ukuta, kando ya damu kidogo, lilikuwa limesimama jino moja jembamba, lenye umanjano mdogo kama punje ya mahindi mabichi. Lilikuwa jino la mtu, zima, lenye nafasi yake pande zote mbili. Hilo ndilo shimo alilolisikia: nafasi aliyozaliwa nayo, akaisahau. Alilitazama sana hata nikaanza kuogopa.

"Endelea," akasema, akalala.

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama siku hiyo. Kila kipande kilichotoka nilimwonyesha, hata asipotaka. "Ona hiki! Ona hiki kingine!" naye na mdomo wazi hawezi kujibu ila kuguna. Daktari alipita mlangoni, hakusema lolote kuhusu barakoa, maana safari hii nilikuwa nimeivaa sawasawa. Ya chini yalipokwisha, nikabadilisha vyombo, nikachovya ile brashi kwenye dawa, nikaanza na ya juu. Brashi ikazunguka, povu likawa la rangi ya kahawia. Nikamwambia sukutua, akasukutua, maji yakaenda na turungi ya miaka yote ya kiwandani. Nikarudia. Chini ya ule weusi kukawa na weupe, weupe wa kweli wa watu wa chemchemi, na mimi nikaanza kulia huku nacheka, miwani yangu ikaingia ukungu, ikabidi nisimame.

Daktari akaja akayashika meno ya chini moja baada ya jingine. "Haya yameshika. Hili linacheza kidogo, lilikuwa limezoea kushikiliwa na jiwe. Fizi zikipona litakaza. Piga mswaki hata kama damu inatoka, na urudi baada ya harusi." Kisha akauliza, uso mkavu kabisa, "Sasa, ning'oe?"

"Ung'oe nini," mama akasema, "na ni yangu?"

Akachukua kioo akacheka. Alikuwa na cheko kubwa, la mtu aliyelifungia kabatini, na watu waliokuwa wakingoja nje wakaanza kucheka bila kujua sababu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha cheko likakatika.

"Kwa hivyo ya msichana wangu," akasema, "hiyo ndiyo maji."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi ndiye nilimleta huku mgongoni."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikamwambia ukweli, kwamba ya binti yake hayatatoka kwa mashine yangu. Daktari anaweza kuyafunika kwa juu akitaka mwenyewe. Lakini ni meno mazima, yanatafuna mahindi choma kama ya mtu yeyote, na kumleta huku hakukuwa kosa, kwa sababu mtoto ni lazima anywe maji.

"Unajua," akasema, akikunja leso, "tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye. Siku ya picha sisi wawili tunafunga mdomo. Hata tumefanya mazoezi kwa kioo. Sasa nitamwacha peke yake?"

Kisha akatoa simu na kumpigia binti yake kwa video. Msichana akatokea, yuko kazini, wenzake wanapita nyuma yake, na mkono wake wa kushoto uko mdomoni kama mtu anayetaka kukohoa. Nilijua mkono huo. Nimekuwa nao mimi mwenyewe.

"Mum, umeshatoa? Inauma?"

Mama alisogeza simu karibu, akafungua mdomo wote.

"Wee! Mum! Wee! Ni ya kuwekewa?"

"Ni yangu! Ni yangu tangu Butere!" Akacheka mpaka simu ikatetemeka, kisha akajikaza. "Sasa sikia, mama. Ile mambo yetu ya kufunga mdomo, mimi nimetoka. Nimejaribu saa hii na nimeshindwa. Nitacheka kwa kila picha. Na siwezi kucheka nikiwa peke yangu, nitaonekana mwenda wazimu. Utanifanyia aje?"

Tulimwona msichana akitazama kando, akitazama chini, ule mkono bado uko pale pale. Mama naye akamngoja, meno yake yote yako nje, hataki kuyarudisha.

"Mum, wewe ni mbaya," msichana akasema, na cheko likamshinda. Mkono ukashuka kuishika meza asianguke, na ndani ya kile kioo kidogo cha simu nikayaona meno yake, ya kahawia tupu, yote, mbele ya watu wa ofisi nzima.