Wimbo Niliowasingizia Malaika

Jirani yetu mmoja pale Bangwe, mama mtu mzima, alikuwa na picha aliyoachiwa na baba yake, katekista aliyevuka ziwa na familia yake kutoka Kongo. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya, uliochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa: Bikira Maria amempakata Mtoto, na malaika wawili wameshika kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa. Noti zake zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha, lakini zilionekana vizuri.

Jumapili moja baada ya misa aliniita kwake. Nilikuwa mwalimu wa kwaya, naye tangu utotoni alitamani kujua malaika wale wanaimba nini. Baba yake hakujua. Mapadri aliowauliza walimwambia wanamsifu Mungu, basi.

Mimi nilizoea nyimbo zilizoandikwa kwa do-re-mi; noti za mistari mitano sikuzijua. Lakini alishaniwekea chai na mihogo, na wajukuu zake walikuwa mkekani wananitazama. Nikaona aibu. Nikatunga wimbo palepale, huku nikisogeza kidole kwenye picha kama mtu anayesoma. Akalia. Akaomba nirudie mpaka akaushika.

Kwa miaka miwili aliuimba akianika dagaa ufukweni Katonga. Wenzake walipouliza, aliwajibu ni wimbo wa malaika, mwalimu kamsomea. Nikimwona kwa mbali, nilibadili njia.

Kisha nikapelekwa semina ya walimu wa kwaya, tukafundishwa noti za mistari. Mchoro ule nilikuwa nimeupiga picha kwa simu, na mkufunzi akanisaidia kuusoma. Wimbo wa kweli haukufanana na wangu hata kidogo. Ulikwenda taratibu, ukapanda mara moja tu.

Niliporudi nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Mwalimu," alisema, "ungesema tu hujui. Mimi ningengoja."

Nilimwomba msamaha. Akasema ameshanisamehe, nimwimbie ule wa kweli. Nikauimba mara tatu. Alijaribu kunifuata, lakini kila akifika katikati sauti yake iligeukia wimbo wangu. Akarudi kwenye mchele wake.

Pasaka kwaya iliimba ule wa kweli. Alikaa benchi la mbele, amefumba macho, anaimba kwa sauti ya chini, nami nilisimama karibu kiasi cha kumsikia. Alikuwa anaimba ule wa kwangu. Baada ya misa alinipa mkono na kunishukuru. Nilishindwa kumtazama usoni.