Mchanga wa Yotamu

Esnath hakuwa na ugomvi na mpira wa gofu mpaka siku ulipotua juu ya mume wake.

Yotamu alizikwa nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, karibu na maji ya Ziwa Nyasa, alale pale alipolima. Kaburi lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe ya ziwani. Kila Jumamosi Esnath alilifagia kuanzia pembeni kwenda katikati, maana kaburi lenye majani ni aibu ya mjane. Sementi ya kulisakafia alikuwa nayo ndani. Lakini katika ukoo ule jiwe la kwanza huwekwa na mkubwa wa ukoo, na mkubwa sasa alikuwa Asukile, kaka wa marehemu.

"Shemeji, sementi inaganda," Esnath alimkumbusha.

"Subiri mvua ziishe."

Mvua zikaisha. Ikawa subiri tuvune mpunga. Mpunga ukavunwa, na sementi ikawa jiwe ndani ya mifuko yake.

"Si utafute fundi tu umalize?" jirani yake Damari alimwambia. "Marehemu atakukatalia?"

"Watasema namfunika haraka haraka nikaolewe."

"Na huo mgongo wako, nani akuoe?" Wakacheka wote wawili. Enzi hizo bado walikuwa wanacheka.

Kumbe Asukile alikuwa ameshaiuza pwani yote ya ukoo kwa watu wa hoteli. Wapimaji walikuja Esnath akiwa Uyole, karibu na Mbeya mjini, wiki kadhaa anauza mchele. Waliuliza makaburi yako wapi, ili wayahamishe kwa heshima. Asukile akawaonyesha ya wazazi wake, yaliyosakafiwa. "Hayo tu," akasema. Angewaonyesha la nduguye, ingebidi aeleze mjane yuko wapi, na kama amekubali. Na kwa macho ya mgeni, udongo usio na sementi, hata ukizungushiwa mawe, ni kichuguu tu.

Esnath aliporudi, nyumba na migomba vilikuwa vimelala chini. Mzungu mmoja kutoka Uskochi, fundi wa kupanga viwanja vya gofu, alisema kwao gofu ya kando ya maji haitaki miti. Inataka upepo, mchanga na nyasi. Kile kichuguu alikipenda sana. Akaagiza kiachwe, kioteshwe nyasi.

Kwa hiyo Esnath akahamia kwa Damari, na ili awe karibu na kaburi akaomba kibarua cha kung'oa magugu hotelini. Wenzake walimwona mwenye bidii, kila siku yuko kwenye shimo la saba la uwanja wa gofu, kwenye kale kamwinuko. Mpira ulipotua pale mara ya kwanza, mchezaji akapanda juu na viatu vyake vya meno, akatanua miguu, akapiga. Esnath akaangalia pembeni.

Halafu Karan, meneja kijana wa hoteli kutoka Mbeya mjini, akawatangazia vibarua kwamba wageni wanalalamika shimo la saba ni rahisi mno. Baada ya Pasaka ule mwinuko utachimbwa, uwe shimo la mchanga la kunasia mipira.

Esnath alimfuata ofisini, akapiga goti mlangoni. "Baba, pale amelala mume wangu."

Karan akanyanyuka kitini. "Mama, inuka tafadhali. Mbona ukoo walisema hakuna mtu?"

"Walisema wao."

Karan akamvutia kiti. "Sisi Wahindu wafu wetu tunawachoma, lakini hakuna anayecheza juu ya majivu yao. Mlete mkubwa wa ukoo aseme neno moja tu mbele ya bosi. Nitasimamisha kazi siku hiyohiyo."

Neno moja. Esnath alitembea mpaka kwa Asukile akiwa na matumaini, Mungu amsamehe. Alimkuta anakula ndizi kwenye nyumba mpya ya bati jekundu.

"Nikisema kaburi lipo, wataniuliza kwa nini nilisema halipo," Asukile alijibu. "Unataka nifungwe?"

"Nataka ndugu yako alale, shemeji."

"Si amelala?" Akanawa mikono taratibu. "Na wewe nawe, ungelisakafia mapema."

Esnath akageuka, akaondoka.

Kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, kilikuja asubuhi moja baada ya Pasaka. Damari alimshika kanga asiende mbele. Kilichota udongo, kikamwaga kwenye lori, na lori likaenda kujaza barabara ya kuingilia hotelini. Esnath alikodolea macho kila kichoto. Aliona mizizi ya migomba. Aliona mawe yake ya ziwani. Kingine hakukiona, ndiyo maana hajui kama Yotamu bado yuko kule chini au magari yanampita juu. Kisha wakamwaga mchanga mweupe.

Mchezaji akitoka kwenye mchanga, nyayo zake lazima zisawazishwe kwa reki. Karan, labda kwa aibu, alimpa Esnath reki ya shimo la saba.

Juzi mgeni mmoja mnene alinasa humo. Alipiga, mchanga ukaruka. Alipiga tena, mchanga ukamrudia usoni. Akacheka. "Pole, mama, nimekuharibia!"

"Haya, baba."

Alipotoka, Esnath akaingia pekupeku. Akavuta reki kuanzia pembeni kwenda katikati, kama Jumamosi zile. Hajafika katikati, mpira mwingine ukadondoka miguuni pake, na mwenye mpira akamfanyia ishara kwa mkono apishe.

Akapisha.