Samaki Ndani ya Jicho la Maji

Sitawazungusha, kwa sababu ukipita hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, ukamuulizia mzee aliyefuga samaki ndani ya bomba la serikali utaonyeshwa mlango wangu kabla hujamaliza swali, na ni mimi kweli, Leonidas, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mwenye wajukuu na shule ya sekondari kichwani (niliimaliza Burundi, na katika fizikia nilikuwa hodari, jambo linaloifanya aibu hii iwe nzito zaidi).

Kwanza mniache nijisifu kidogo, maana msipojua nilikuwa nimesimama juu kiasi gani hamtaelewa nilivyoanguka. Visima vyetu ni vizuri. Vinavuta maji ya chini kabisa, yasiyowahi kuona jua, na kabla havijachimbwa tulikuwa tunakunywa ziwa hili la Nakivale pamoja na kila kilichomo ziwani, na matumbo yetu yalilijua hilo. Inayovilinda ni ofisi ya maji ya kanda iliyoko Mbarara: ilizungusha uzio, ikakataza vyoo, mifugo na dawa za shamba karibu na hapo, na ndani ya uzio ikachimba shimo jembamba lisilo na pampu, bomba la chuma tu linalochungulia juu ya ardhi, lenye kifuniko na kufuli. Bomba hilo halimpi mtu maji hata ya kunawa. Injinia Kyomuhendo, mama wa Kinyankore mwenye buti za mpira na kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde, alitueleza kazi yake kwa Kiswahili chake cha barabarani:

"Hii bomba ni macho yetu. Maji ya chini ni sufuria moja, nyinyi wote nachota. Tukiangalia hapa, tunajua sufuria imebakisha ngapi. Ikishuka sana, tunapunguza masaa ya pampu, ndiyo isikauke. Sasa hii macho, mtu asiguse!"

Tangu siku hiyo bomba likaitwa Jicho. Ufunguo mmoja ulikaa Mbarara, wa pili nikapewa mimi, nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Sijui kama mnaelewa maana ya mkimbizi kupewa ufunguo wa serikali. Nilitembea tofauti. Nilikuwa mkali pia, tena mkali wa kuchosha: jirani yangu Deo, mkulima wa maharage mwenye mdomo usio na mlango, mbuzi wake alipoingiza kichwa tu kwenye uzio nilimwita mbele ya kamati, akasimama pale kama mshtakiwa, na mbuzi pembeni yake.

Sasa, kiangazi kilichopita, Injinia alipiga simu kwamba anakuja kupima maji, na safari hii anakuja na wageni, wakubwa wa ofisi yake pamoja na kamati za maji kutoka pande nyingine za wilaya ya Isingiro, watu wenye nchi yao, waje waone sisi tunavyotunza maji. Waje kujifunza kwetu! Nililala nikitabasamu. Lakini niliamka nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa mvua zilikuwa zimetukimbia, kila mtu aliona pampu zinavyohema, na nilijua Jicho litasema kwamba sufuria imepungua. Na mimi nimelelewa na mama ambaye kabla mgeni hajafika uani alihakikisha mtungi umejaa, hata kama yalikuwa maji ya kuazima kwa jirani, kwa sababu (ni maneno yake) mgeni akikuta mtungi mkavu ataondoka na jina lako.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo. Bidoni chache tu za maji, nizimwage ndani ya Jicho, wageni wasikute mtungi mkavu.

Maji ya bombani sikutaka kuyagusa, yalikuwa haki ya akina mama waliopanga foleni (mnaona nilivyokuwa mwadilifu), kwa hiyo alfajiri nilimtuma Samweli, Mkongomani mwenye bodaboda, akachote ziwani. Akarudi na mabidoni yamefungwa nyuma ya pikipiki, majani ya ziwa yakining'inia mdomoni mwa moja.

"Papa, hii maji tunaitia fasi gani?"

"Humu."

"Humu mu Jicho?" Alinitazama kama mtu aliyeombwa kumlisha padri nyasi. "Papa, si ulisema hata mbuzi..."

"Samweli. Mwaga."

Tulimwaga, nikatega sikio, nikasikia maji yanapanda, nikafurahi, halafu nikasikia yanashuka polepole, yanaingia ardhini bila hata kuaga, basi nikasema tuongeze, na tukaongeza tena, hadi yakabaki juu vizuri, nikafunga kufuli, nikaenda nyumbani kuvaa koti.

Wageni walifika. Uzio mzima ulikuwa umezungukwa na watu, na akina mama walikuwa kwenye bomba lao pembeni wakiendelea kuchota. Injinia alifungua Jicho, akateremsha utepe wake wa kupimia, ule wenye kikengele kinacholia ncha yake inapogusa maji. Hakuteremsha sana. Kikalia. Akautoa, akaufuta, akaurudisha, kikalia palepale.

"Muzee," akasema, "kiangazi yote hii, maji imepanda?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema neno. Mimi nilitoa kifua mbele nikasema, "Ni matunzo, mama Injinia. Ni matunzo tu." Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaniomba nisimame naye apige picha, nikasimama, nikashika na ufunguo uonekane.

Injinia hakupiga makofi. Alichukua kikopo chake kirefu chembamba, akakiteremsha kwa kamba, akakivuta, akamimina maji kwenye beseni jeupe ili apeleke kidogo maabara Mbarara.

Ndani ya beseni alikuwemo samaki. Mdogo, wa urefu wa kidole, anazunguka taratibu kama mtu anayetafuta anwani.

"Banange," alisema Injinia, kwa sauti ndogo sana.

Halafu Mama Furaha akaona. Mama Furaha ni mjane kutoka Uvira, aliyezaliwa na kuolewa mbele ya Ziwa Tanganyika, akalikimbia akiwa na mtoto mgongoni, na hajawahi kupitisha siku bila kulitaja. Alijipenyeza hadi kwenye beseni, akainama, akapiga kelele iliyowatoa kuku njiani:

"Ni ndakala! Muangalie, ni ndakala, dagaa ya kwetu! Tanganyika imetufuata! Imepita chini ya udongo, imetufuata mpaka hapa!"

Ndugu zangu, ni nani angebaki kimya? Warundi wa Rumonge walianza kulia, Wakongomani wa Fizi wakaanzisha wimbo wa kanisa, mtu akachovya kidole ndani ya beseni akajipaka kwenye paji la uso, na mimi nikanyanyuliwa mabegani, koti na ufunguo na rozari, mzee aliyetunza Jicho hadi ziwa la nyumbani likarudi. Huko juu nilimwona Samweli. Alikuwa ameficha uso wote ndani ya kofia yake ya bodaboda na mabega yake yanatikisika.

Nilimwona Injinia pia, naye hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, simu sikioni, anaongea Kinyankore haraka haraka, kisha akasimama akanyoosha mikono.

"Nyamazeni! Hii si ya kuimba. Kama samaki iko hapa, ziwa naingia chini. Uchafu yote ya ziwa naingia kwa sufuria. Nafunga pampu. Yote. Mpaka tutafute shimo, hata kama ni miezi."

Kwenye bomba la akina mama maji yalikohoa, yakakatika. Bidoni ya Mama Furaha ilikuwa imefika nusu. Wimbo ukafa. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa, "Basi tunarudi ziwani," na yule mwenzake, ambaye alizika mtoto enzi zile za maji ya ziwa, akafunga kifuniko cha bidoni yake.

Nikasema niteremshwe. Nikasimama mbele ya wageni wote, nikasema kwa sauti, "Samaki ni wangu."

"Usiwe na choyo, papa!" mtu akapaza sauti. "Ni ya watu wote!"

"Anataka kumla peke yake," mwingine akasema.

"Hapana! Nasema nimemtia mimi! Leo asubuhi, na maji ya ziwani, kwa bidoni!" Na kwa kuwa bado walinitazama tu, nikatafsiri kwa Kirundi, halafu kwa Kifaransa, nikajaribu hata Kinyankore changu kibovu, na kwa hiyo aibu yangu niliisema kwa lugha nne, asibaki mtu hata mmoja ambaye hakuelewa.

Kilichofuata ni Deo.

"Mungu wangu!" akapiga paja. "Mbuzi wangu aliingiza kichwa tu, akahukumiwa. Huyu ameingiza ziwa zima!"

Walicheka hadi wengine wakashika uzio. Wageni walicheka. Yule wa picha aliitazama simu yake akacheka upya. Injinia peke yake alinisogelea, akaniuliza polepole, "Muzee. Kwa nini umemwaga maji kwa macho yangu?"

Nikamweleza habari ya mama yangu na mtungi. Alisikiliza yote. Nadhani alitaka kukasirika, ila mdomo haukumtii.

"Hata mama yangu, pale Nyamitanga, anajaza mtungi nikifika," akasema. "Lakini hapa mimi si mgeni, sebo. Mimi ni daktari. Wewe utaficha daktari homa?"

Nikavua koti, nikamwomba pampu ya mkono aliyokuja nayo.

Alasiri yote ile niliitumia kwenye pampu hiyo, nikilitoa ziwa ndani ya Jicho mbele ya watu, na Deo akiniletea kiti kila mara ili aone nikikikataa. Maji ya visima yalichukuliwa yakapimwa Mbarara, yakaonekana hayana neno, na pampu zikafunguliwa tena. Samaki alirudishwa ziwani ndani ya kikombe, na Mama Furaha hakubali mpaka kesho kwamba hakuwa ndakala. Ufunguo niliuvua mwenyewe. Kamati ikampa Mama Furaha, na niwaambie ukweli, anautunza vizuri kuliko mimi: nikitaka kulifikia Jicho ni lazima niombe, na ananiuliza kwanza nimebeba nini.

Uenyekiti waliniachia. Walisema mtu aliyejivua nguo mbele ya wakubwa kwa lugha nne hana tena cha kuwaficha.

Injinia aliporudi, kiangazi bado kinauma, utepe ulishuka, ukashuka, ukaendelea kushuka. Hatimaye kikalia, mbali sana huko chini. Maana yake tulijua wote: masaa ya pampu yatakatwa, na kila nyumba itapunguziwa. Akina mama walikuwa wameshazungumza, wakasema afadhali kidogo kila siku kuliko kingi kinachokwisha, wakapanga zamu palepale bila kusukumana, na wale wageni wa Isingiro sijui wangejifunza nini zaidi ya hapo.

Nami nimeapa: maisha yangu yaliyobaki, sitamjazia mtu mtungi wa uongo. Siku ile, kazi ya kutangaza kipimo ilikuwa yangu, nikavua kofia, nikakisema kama kilivyo, chini kabisa, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la baba yake, bila kuongeza hata tone.