Ukuta wa Joto wa Fundi Melkiori

Wenzangu mliokulia nyanda za juu za Kigoma, njooni mnitolee ushahidi, maana wajukuu wangu wamenichosha. Nikiwaambia kwamba tulipokuwa wadogo tuliota moto hata masika, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ati, "Bibi, Kigoma si joto?" Joto ni la Ujiji huko ziwani, wanakouza samaki wao wa migebuka huku wanajipepea! Waje Kibondo alfajiri, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, nguo kwenye kamba zimegoma kukauka, ukungu umelala juu ya mihogo. Hapo ndipo watajua kwa nini tulikwenda shule magoti yamepauka na meno yanagongana.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa msonge wa nyasi, na katikati palikuwa na mafiga matatu na moto usiozimwa. Pale tulichoma viazi, tukakausha madaftari yaliyolowa, tukagombania nafasi baada ya kucheza kombolela kwenye matope. Moshi ulipenya taratibu kwenye nyasi ukaenda zake. Juu ya moto huo nyanya yetu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Bibi, alitundika mahindi yake ya mbegu, meusi tii kwa masizi, na fukusi hawakuthubutu kuyagusa. "Mbegu isiyonusa moshi ni chakula cha wadudu," alikuwa akisema, na nani angembishia? Darasa zima tulinuka moshi, na mwalimu naye alinuka moshi, kwa hiyo hakuna aliyeonekana ananuka.

Kisha tukahamia kijiji kipya, njia ya kwenda Busunzu. Baba, Mungu amrehemu, akajenga nyumba ya pembe nne akaiezeka bati. Mnakumbuka fahari ya bati miaka ile ya sabini? Watu walikuja kulitazama tu, wakaondoka. Bwana afya akasema jiko likae nje, na baba akatii. Basi mchana bati lilitupika, alfajiri likatutolea jasho, matone ya baridi to, to, to juu ya magodoro ya nyasi. Bibi alijikunja kitandani akilalamika kwamba mwanawe amemhamishia ndani ya sanduku.

Masika hiyohiyo mama akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa mdogo, jamani! Ukimlaza kwenye ungo, nafasi inabaki ya kupepetea mchele. Mkunga wa kijiji alimzungushia pamba na vipande vya kanga, akamweka kifuani kwa mama, akasema kwa Kiha kisha kwa Kiswahili ili tusikie sote: "Huyu akipoa, ameondoka. Msimwache apoe." Hospitali ilikuwa Kibondo mjini, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, na mto ulikuwa umefurika ukabeba daraja.

Tukawasha moto katikati ya chumba kama zamani. Lakini bati si nyasi. Moshi ulijaa mpaka hatuonani, mtoto akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Tukautoa moto nje, vidole vyake vikawa baridi. Tukauingiza tena. Jiko la mkaa mkunga alilikataa katakata, alishawaona watu waliofunga mlango nalo wasiamke. Siku nne nzima tulikuwa watu wa kuingiza moto na kuutoa, na baba alizeeka mbele ya macho yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimwogopa mdogo wangu kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Ndipo baba akaenda kumleta Fundi Melkiori. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mpole mwenye viganja vipana, na huko kwao alishajenga nyumba za mapadri milimani, kwenye baridi kali kuliko yetu. Aliingia, akatusalimu kwa Kirundi, "Mwakeye," akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akapima ukuta kwa shubiri. "Moto tutauweka nje," akamwambia baba. "Joto litaingia ndani, moshi utakwenda juu. Kila mmoja na njia yake." Baba alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa atenganishe maji na unyevu wake.

Majirani walileta matofali waliyochoma kwa ajili ya nyumba zao wenyewe, na hakuna aliyeombwa mara mbili. Sisi watoto tulikanyaga udongo wa kichuguu mpaka ukalainika kama ugali wa muhogo. Mama alihamishiwa chumba cha pili, na sote tukapeana zamu ya kumkumbatia ili asiishiwe joto la kumpa mtoto. Fundi akajenga mdomo wa moto nje, chini ya kibanda. Kutoka hapo akapitisha njia ya moshi ndani ya ukuta wa chumba, inapinda huku, inapinda kule, mpaka juu ya bati. Ndani ya chumba aliacha kitundu cha kutolea masizi, akakiziba kwa tofali moja.

Siku ya tatu mama akarudishwa chumbani, kijiji kizima kikakusanyika, fundi akawasha. Lo! Moshi wote ukafumuka ndani, ukipita kandokando ya lile tofali. Mama alitoka mbio na mtoto kifuani, mvua inanyesha, kanga imemganda mwilini. Baba akamshika fundi shati. "Umekuja kuniulia mwanangu?"

Fundi alijinasua. Aliingia kwenye moshi ule, akatoa tofali la kitundu, akaingiza mkono. Akatoa mahindi. Akaingiza tena, akatoa mahindi mengine. Mafungu manne ya mbegu, yamefungwa kwa kamba na kutundikwa vizuri kabisa katikati ya njia ya moshi!

Kila mtu akamgeukia Bibi. "Moshi wote huo uende bure angani?" alisema kwa sauti ndogo. "Na mbegu zangu je?" Halafu akamwona mjukuu wake pale mvuani. Akakaa chini kwenye matope na kulia kwa uchungu, anasema ametaka kumuua mtoto kwa ajili ya mahindi. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia siku ile.

Fundi akamwinua. "Mama, mbegu zako nitazipigia vigingi pale nje, kwenye mdomo wa moto. Zitanusa moshi mpaka zichoke. Sasa tumshughulikie mtoto."

Akawasha mara ya pili. Tukasikia mvumo ndani ya ukuta, halafu mtu akapiga kelele nje, "Tazameni juu!" Moshi ulikuwa unatoka juu ya bati, mweupe, umenyooka, na ndani ya chumba hakuna hata harufu. Tukasubiri. Nikaweka kiganja ukutani, nikakitoa kwa mshtuko. Ukuta ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe! Sikuelewa. Mpaka leo nikifikiria nasisimka mwili: moto hauonekani, moshi haupo, na joto limetujia lenyewe.

Mama akaegemeza mgongo pale. Jua halijazama, vidole vya mtoto vilikuwa vimepata joto, naye akalia, kilio cha kweli cha mtu anayedai chakula. "Imana ishimwe, Mungu asifiwe," Bibi akasema. Majirani wakaingia mmoja mmoja, wakagusa ukuta, wakatoka. Moto ule tuliulisha kuni kwa zamu miezi miwili.

Siku hizi mambo ni kubonyeza kidole tu. Mdogo wangu huyo, Adela, anaishi Dar es Salaam. Anawasha kiyoyozi mpaka chumba kinakuwa Kibondo, kisha anavuta blanketi! Watoto wake kila mmoja na chumba chake, kila mmoja na baridi yake, na hakuna anayejua mwenzake amelala vipi.

Mwaka jana niliwasimulia haya. Adela alisikiliza mpaka mwisho, mama mzima, amekijaza kiti, kisha akanikunjia uso. "Lakini Dada, kwa nini hamkunipeleka hospitali tu?"

Nilitaka kumweleza tena habari za mto na daraja. Nikamtazama alivyokasirika, sauti imempanda, anadai jibu. Nikaacha. Aulize tu. Sisi siku zile tulichoomba ni awepo wa kuuliza.