Hesabu Iliyosomwa kwa Sauti

Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi kwamba baba yake aliogopa kumshika, akawa anamwita Chembe. Jina likamganda. Miaka ikapita, binti akasomea fizikia, akaingia kwenye utafiti wa chembe za msingi, zile ambazo vitu vyote vimejengwa kwazo na zenyewe hakuna aliyeweza kuzigawa. Siku alipowaeleza nyumbani anasomea nini hasa, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Bahati yako hatukukuita Mzigo," mama yake alimwambia.

Mama huyo alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, na maneno yake yalichoma kama sindano alizozizoea. Baba alikwisha kufariki. Watoto walikuwa wawili tu: Chembe, na mdogo wake wa kiume ambaye alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Huyu wa pili alijaliwa sauti ya kuamsha mtaa. Mitaani walimwita Spika.

Chembe akawa mhadhiri. Chumba chake chuoni kilikuwa ghorofa ya tatu: meza, kabati la chuma lisilofungika vizuri, ubao mweupe uliochukua ukuta mzima, na dirisha linalotazama paa la karakana. Wageni walitafuta mitambo kwa macho wakaikosa. Kifaa pekee cha umeme kilichofanya kazi humo ndani kilikuwa birika la chai. Yeye alikuwa mwanafizikia wa nadharia. Wenzake wa maabara hupima. Yeye hukokotoa, kisha huwaambia ni kitu gani kinafaa kupimwa.

"Tuna nadharia mbili kubwa," alikuwa akiwaeleza wanafunzi wapya. "Moja inahusu uvutano: kwa nini kikombe kinaanguka, kwa nini mwezi hauendi zake. Nyingine ni ya kwanta, inahusu vitu vidogo kuliko vyote tunavyovijua. Kila moja ikiwa peke yake haijatuangusha. Ukizitumia pamoja, zinagoma. Unauliza swali la kawaida kabisa, unajibiwa namba isiyo na mwisho. Namba ya hivyo si jibu. Ni nadharia inakuomba radhi."

Swali lake yeye lilikuwa hili. Ikiwa uvutano ni kani kama kani nyingine, basi lazima uwe na chembe yake, ambayo wanafizikia huiita gravitoni. Je, gravitoni mbili zikikutana, zikagongana na kuachana, kunatokea nini? Katika hesabu ya juu juu jibu linapatikana. Ukienda ndani zaidi, mara nyingi namba zinalipuka, zinakuwa hazina mwisho. Kulikuwa na nadharia mpya ambayo Chembe aliamini haitalipuka, lakini kuamini si kuthibitisha. Alikuwa na mwanafunzi wa udaktari, dada mmoja mpole aliyejua kuitumikisha kompyuta kama punda, na wawili hao walikuwa wamepata matokeo yaliyojaza rundo la kurasa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapunguza mpaka yaseme kitu.

Hapo ndipo macho yalipoanza kumgeuka.

Kwanza alidhani ni miwani. Akabadilisha miwani. Kisha akagundua kwamba akitazama herufi, herufi inatoweka, na zile za pembeni zinabaki. Akimtazama mtu usoni, anaona masikio. Daktari wa macho alimulika, akamulika tena, akavuta kiti karibu.

"Sehemu ya katikati, kule nyuma ya jicho, inakufa taratibu," alisema. "Tuna dawa ya kupunguza kasi. Ya kurudisha kilichokwenda, hatuna."

"Pembeni nitaendelea kuona?"

"Utaendelea. Utatembea, utajua nani kaingia mlangoni. Kusoma ndiko kutakuwa kugumu."

Chembe alitoka hospitali akajikaza kisabuni, hakumwambia mtu. Alifundisha kwa kichwa. Ngazi alizipanda kwa mazoea. Wanafunzi walipoleta kazi aliwaambia wamweleze kwa mdomo, nao wakaona ni mtindo mpya wa kuwabana. Mambo yakaenda hivyo kwa muda, mpaka asubuhi moja darasani alipoandika mlinganyo mrefu juu ya mlinganyo mwingine ambao alikuwa hajaufuta. Aliandika ubao mzima. Alipogeuka, hakukuwa na aliyecheka. Mwanafunzi wa safu ya mbele akainuka, akafuta ubao bila kuombwa.

Mkuu wa idara alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamsogezea maji, akazunguka mbuyu weee, mwisho akafika.

"Dokta, tumefikiria tukupunguzie mzigo. Kuna nafasi ya kuratibu ratiba za mitihani."

"Ratiba zinasomwa kwa nini, mkuu?"

Mkuu akamsogezea tena yale maji.

"Nipe muhula huu," Chembe alisema. "Nikishindwa, nitakuja mwenyewe kuchukua hizo ratiba."

Nyumbani hakuweza kuendelea kuficha. Alimwaga chai nje ya kikombe, mama akaitazama ile chai ikitiririka mezani, akamtazama na binti yake. "Tangu lini?" aliuliza. Chembe akaeleza yote. Mama hakulia, au kama alilia hakulilia pale. Alikwenda kuchukua kitambaa, akafuta meza, akamwita mwanawe wa kiume aliyekuwa amekuja kula.

"Wewe. Asubuhi unafanya nini?"

"Asubuhi? Mechi ziko jioni, Mama. Asubuhi napumzisha koo."

"Koo limeshapumzika. Utakuwa unamsomea dada yako."

Kompyuta ya kusomea wasioona walikuwa wamekwisha kuijaribu, lakini kwenye milinganyo ilibwabwaja, ikaruka alama na kutamka herufi za Kigiriki kana kwamba inaumwa meno. Basi Spika akaanza kazi. Kila asubuhi alipanda ghorofa ya tatu, akaketi dirishani na rundo la kurasa mapajani. Fizikia aliiacha sekondari, na waliagana vibaya.

"Dada, hiki hapa ni kama samaki."

"Hiyo ni alfa."

"Mimi nasema samaki. Na hiki chenye meno matatu?"

"Psai."

"Uma. Halafu hii ndefu iliyopinda juu na chini ni ndoano, usibishe."

Wakakubaliana hivyo. Siku za mwanzo zilikuwa taabu tupu. Alisahau mabano, akaruka mstari, akapiga miayo. Halafu taratibu akapata mwendo, na mwendo wake ulikuwa ule ule wa uwanjani: "Mabano yanafunguka, uma anaingia, yuko na samaki wawili, ndoano inatupwa, pe anapokea, anagawanywa kwa mbili, mabano yanafungwa, hatari imeondolewa."

"Punguza mbwembwe," Chembe alimwambia.

"Sijui kusoma kwa kununa."

Wanafunzi wakawa wanapunguza hatua wakipita koridoni. Chembe alifumba macho akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alijisikia yuko kazini. Alichokuwa akikiona zamani kama msitu wa alama, sasa kilimjia kwa zamu, neno baada ya neno, akakipanga kichwani. Alishangaa mwenyewe jinsi kichwa kilivyokuwa na nafasi.

Asubuhi moja Spika alikuwa katikati ya ukurasa, sauti inapanda na kushuka, Chembe akainua mkono.

"Rudi nyuma. Soma tena."

Akasoma tena.

"Sasa tafuta kipande kile cha juzi, kilichoanza na uma wawili."

Alikitafuta, akakisoma. Vilikuwa sawa. Herufi zilikuja kwa mfuatano ule ule, ila palipokuwa na jumlisha huku, kule palikuwa na toa. Wakasoma vipande vingine na vingine, kila kimoja kikampata pacha wake wa kukifuta. Chembe aliinuka kitini. Kama kila kitu kinafutana, basi hakuna cha kulipuka. Akampigia simu mwanafunzi wake ayapitishe matokeo kwenye kompyuta kwa namba halisi.

Mwanafunzi alikuja mchana. Alisimama mlangoni, haingii.

"Mwalimu, nimejaribu mara kadhaa, kila mara na namba tofauti. Jibu si sifuri."

"Ni dogo?"

"Si dogo. Ni kweli si sifuri."

Chembe alisema asante, akamwomba afunge mlango. Siku zilizofuata alikuja chuoni, akakaa, akarudi nyumbani. Mama alimpikia, hakula. Alianza hata kuulizia ratiba za mitihani huandaliwaje. Kilichomuuma si kukosea, maana katika kazi ile kukosea ni chakula cha kila siku. Aliogopa kwamba sikio nalo haliaminiki, na kama haliaminiki basi hana mlango mwingine wa kupitia.

Mwanafunzi ndiye aliyeomba wapitie upya. Aliketi bega kwa bega na Spika, macho kwenye karatasi, huku Spika akisoma kwa sauti. Hawakufika mbali.

"Kaka, samahani. Hapo hujasema kistari."

"Kistari kipi?"

"Hiki kidogo, juu ya herufi pe."

Spika aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kurasa chache za mwanzo, za utangulizi, zilikuwa na vistari vyeusi, na vyote alivisoma: pe, pe kistari. Lakini mashine ya kuchapa ilikuwa ikiishiwa wino, na kurasa za baadaye vile vistari vilikuwa vumbi tu.

"Nilidhani ni uchafu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka chini. Akapanga zile kurasa vizuri, akaziweka mezani. "Dada, tafuta mtu aliyesoma. Mimi nitakuharibia kazi."

"Kaa kwanza."

"Nimekuharibia tayari."

"Kaa, nikwambie kile kistari ni nini. Pe ni mwendo wa chembe kabla ya kugongana. Pe kistari ni mwendo wake baada ya kugongana."

"Kwa hiyo mimi nimefuta baada."

"Umefuta baada," Chembe alisema, na akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika njiani. Alikaa hivyo, uso umeelekea dirishani. Wale wawili wakatazamana.

"Mwalimu?" mwanafunzi aliuliza.

"Ngoja. Ukichukulia kabla na baada ni kitu kimoja, yote yanakuwa sifuri. Yote, rundo zima. Kwa hiyo kilichomo humo ndani ni tofauti kati ya kabla na baada, basi. Hakuna kingine." Alisimama. "Sisi tumeandika kila kitu kwa pe na pe kistari, tukawa tunabeba mizigo isiyohitajika. Chukua kalamu. Tofauti yao ipe herufi moja, uandike upya."

Mwanafunzi akaenda ubaoni. Spika akawa anasoma kutoka kwenye karatasi, safari hii kila kistari akikitamka kama jina la mfungaji, na Chembe anaelekeza nini kinaungana na nini. Ukurasa ukawa nusu ukurasa. Nusu ikawa mistari michache. Walikunywa chai, wakasahau chakula. Kabla jua halijashuka, kalamu ikawa imenyamaza.

"Umekwama?" Chembe aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nimemaliza. Ni mstari mmoja."

"Usome."

Aliusoma. Spika akaomba naye ausome, akausoma polepole, bila mbwembwe yoyote. Ndani ya mstari ule ilionekana wazi kwamba hakuna namba inayolipuka. Si kwa hatua zote. Kwa hatua ile waliyokuwa wameifikia. Lakini wengi walikuwa wametarajia nadharia ile ife papo hapo, na haikufa. Mwanafunzi akaupitisha kwenye kompyuta, na mara hii namba zikakubaliana mpaka tarakimu ya mwisho.

Makala yao ilipochapishwa, kundi la watafiti wa nchi nyingine waliifanya hesabu ile kwa njia yao wenyewe wakapata mstari ule ule. Walimwandikia kumuuliza alifikiriaje kutumia tofauti peke yake. Alijibu ukweli, kwamba wino uliisha. Wakadhani anatania.

Mkuu wa idara alipanda mwenyewe ghorofa ya tatu kumpongeza. Habari za ratiba hazikutajwa tena. Badala yake chuo kilikubali kumlipa msomaji, na Spika akawa anakuja kwa mkataba, jambo lililomfanya avae shati la kola. Mwanafunzi alipata udaktari wake, akabaki kama mtafiti, na hatua inayofuata ya hesabu wanaifanya pamoja. Ni ngumu maradufu. Huenda huko namba zitalipuka.

"Sasa uvutano na hiyo kwanta wameshapatana?" mama alimuuliza jioni moja wakikunja nguo.

"Bado, Mama."

"Basi kesho uwahi kuamka."

Macho yake hayakupona. Dawa inapunguza kasi kama daktari alivyosema, na doa la katikati linaongezeka kidogo kidogo. Muhula mpya ulipoanza, aliingia ukumbini na fimbo nyeupe mkononi, mbele ya watu wote. Aliiegemeza ukutani na kuwaambia wanafunzi wapya kwamba haoni kama wanavyomwona wao, kwa hiyo mwenye swali asinyooshe mkono, aseme tu.

Kisha sauti ya msichana ikatoka safu za nyuma.

"Mwalimu, hiyo gravitoni, kuna mtu amewahi kuiona?"

"Hakuna," Chembe alisema. "Hapo mimi na ninyi tuko sawa."

Ukumbi ukacheka, naye akasubiri kicheko kiishe, akaanza somo.