Dereva wa Ntheo ya Nzilani

Miaka ile, mtu akitaka kupanda milimani kwa raha zake, mjini Machakos alielekezwa nyuma ya soko la mifugo, kwa Elmi, akakodi Peugeot. Elmi alikuwa Msomali mfanyabiashara wa mbuzi, na gari lenyewe aliliona kama nyongeza tu ya mbuzi. Lakini gari lile bila Kaloki, dereva wake, lilikuwa bati lenye matairi. Kaloki ndiye aliyejua barabara yote ya milima ya Iveti: pale panapoteleza mvua ikinyesha, pale breki zinapotaka kupumzishwa, na pale mtu wa Nairobi atakapopiga kelele "simama!" hata kabla mwenyewe hajajua kwamba atapiga.

Na alikuwa na maringo yake, msinione namsifu bure. Akifika Kituluni, pale ambapo gari hupanda mlima lenyewe, alizima injini, akatoa gia, akakunja mikono kifuani. Gari lisipojongea mara moja alitikisa kichwa na kusema, "Leo limekataa. Labda kuna mtu humu amebeba dhambi." Abiria wangeanza kutazamana. Kisha Peugeot ingeanza kupanda polepole, bila moto wala gia, watu wangepiga mayowe, na Kaloki angetazama mbele kama padri. Alifanya mzaha huo mara elfu na hakuuchoka.

Safari za kutazama milima zilikuwa za Jumapili na sikukuu. Jumamosi zilikuwa za ntheo. Ntheo ni wale mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambao mwanamume hupeleka kwa kina msichana ili Wakamba wote wajue kwamba huyu sasa ni mke wa mtu. Bila hao mbuzi, mkae pamoja miaka hamsini, mzae kijiji kizima, kwa mila mwanamke bado ni wa kwao na watoto ni wa kwao. Kaloki aliwapandisha mbuzi hao Kathiani, akawapandisha Mitaboni na vilima vyote vya nyuma yake, wamefungwa miguu kule nyuma ya Peugeot, na wakwe wamejipanga mbele na suti zao. Alipeleka ntheo za watu hadi akapoteza hesabu.

Yake mwenyewe hakupeleka.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho. Alimchukua Mumbua mwaka wa themanini, kutoka kijiji cha Kyandulu, juu kabisa ya Mitaboni, mahali ambapo barabara huishia uani mwa watu. Mwaka wa themanini na nne alinunua mbuzi watatu, na njaa ile kubwa ikawamaliza kabla hajawafikisha. Baadaye alipata kazi kwa Elmi, akawa anapita chini ya Kyandulu karibu kila wiki, na kila akipita alijiambia kwamba maadamu njia anaijua na gari analo, hakuna haraka. Mumbua alimuuliza, "Kaloki, unapelekea kila mtu. Mimi utanipelekea lini?" Akamjibu, "Mwezi wa nane, nikipata nafasi." Miezi ya nane ilikuja na kwenda zake.

Mumbua alifariki mwaka wa tisini, kwa homa ya siku nne. Kaka yake Urbanus akateremka mjini, akasema maneno machache tu: dada yake hakuolewa, basi anarudi nyumbani. Kaloki alilia, akaomba, akaleta wazee, na wazee wenyewe wakainamisha vichwa kwa sababu Urbanus alikuwa na haki. Mumbua akazikwa Kyandulu. Aliyeendesha gari lililombeba ni Kaloki, kwa maana nani mwingine angeweza zile kona?

Akabaki na Nzilani, mtoto wa miaka tisa. Urbanus alimwachia amlee, labda kwa huruma, labda kwa kuwa karo za watoto wake zilikuwa zimemfika shingoni. Kaloki alijifunza kusuka nywele kwa mama mmoja muuza mboga, akazisuka vibaya sana, na mtoto akaenda shule hivyo hivyo, kichwa kimekaa kama shamba lililolimwa na mlevi. Alimfulia, alimuuguza, alimsomesha hadi akawa mwalimu wa chekechea. Kama kuna kitu Kaloki alikifanya duniani bila kukiahirisha, ni mtoto yule.

Ndipo mwaka wa elfu mbili na tatu akatokea Bonface, kijana wa kiwanda cha saruji huko Athi River, mpole, mwenye adabu, akasema anataka kuleta ntheo. Kaloki alifurahi hadi akakosa usingizi. Kisha akakumbuka. Mbuzi wa msichana ambaye mama yake hakutolewa ntheo hawaji kwa baba. Huenda kwa wajomba.

Akaona bado iko nafasi. Mwezi wa sita alimwomba Elmi amchagulie mbuzi watatu, na Elmi akamchagulia wale aliokuwa amewaficha kwa ajili ya Idd. Kaloki akawapakia na kupanda nao Kyandulu peke yake. Urbanus alimkuta uani anawafungua kamba.

"Hizi ni za nani?"

"Ni za Mumbua, shemeji. Najua nimechelewa. Naomba unipokelee, ndio na mimi nikae kama baba siku ya huyu mtoto."

Urbanus aliwatazama wale mbuzi. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Kaloki, wewe umepeleka ntheo nyingi kuliko mimi. Unajua msichana lazima aulizwe mbele ya watu kama hizo mbuzi zikuliwe ama zirudishwe. Sasa twende hapo nyuma, kwa kaburi. Umuulize. Akijibu, mimi nitachukua."

Kaloki aliwafunga mbuzi upya mmoja mmoja, na Urbanus mwenyewe akamsaidia kuwainua. Kabla hajawasha gari, Urbanus akainama dirishani. "Siku ya Nzilani baba ni mimi. Wale watu wa Athi River wameambiwa hivyo. Ukisimama hapo useme wewe ndio baba, nitawarudishia mbuzi zao na mtoto atakosa ndoa. Tusikosane."

Elmi aliwapokea mbuzi wake bila kuuliza neno, akawarudisha zizini.

Mwezi wa nane watu wa Bonface walikuja kukodi gari. Elmi alipoona jina la mahali kwenye daftari, alimwita Kaloki pembeni.

"Mzee Kaloki, hii nitampatia dereva mwingine. Wewe pumzika."

"Nani mwingine anajua ile njia?"

"Ataenda polepole."

"Hapana, Elmi. Hiyo ni yangu. Kama siwezi kuingia kama baba, wacha niingie na usukani."

Nzilani alitangulia kwenda Kyandulu siku mbili kabla. Asubuhi ya kuondoka, Kaloki alimwambia atakuja kama dereva na akamweleza la kufanya. "Wakileta hao mbuzi, watakupatia kamba ya beberu umpelekee baba yako. Ndio njia yao ya kukubali. Wewe mpelekee mjomba."

"Baba, siwezi."

"Utaweza. Usiniangalie hata. Bonface hajui kuwaeleza watu wake mambo yetu ya zamani, na usimwache akaaibika. Niahidi, mama."

Aliahidi huku analia, na Kaloki akapiga moyo konde akambebea mkoba hadi stendi.

Jumamosi yenyewe ilikuwa na anga safi, siku ambayo Kaloki angeiombea wageni wowote. Bonface alikaa nyuma na shangazi yake, kimya kama maji ya mtungi, maana yeye alijua dereva ni nani. Mbele alikaa mjomba wake, Bartholomew, mtu mnene, mcheshi, mwenye kamera shingoni, ambaye hakujua kitu na aliona hii kuwa safari ya kutalii iliyoongezewa mbuzi.

"Dere, hii milima yote ni ya nani?"

"Ni ya wenye kuipanda, mzee."

Bartholomew akacheka sana. Akataka kusimama kila kona. Walisimama juu ya Mutituni, wakaona mji wa Machakos umelala kwenye bakuli lake. Kituluni, Kaloki alizima injini na kukunja mikono kama kawaida yake, lakini ule mzaha wa dhambi haukumtoka mdomoni. Gari likapanda. Bartholomew akashuka, akakimbia kando yake na suti, akipiga picha na kupiga yowe kwa pamoja, na mbuzi nyuma wakalia.

Baada ya Mitaboni lami ikabaki nyuma, wakaanza ngazi za udongo mwekundu, makinga maji yamepangwa mlima mzima hadi juu, kahawa huku na mikaratusi kule. Kwenye kona ya mwisho Kaloki alisimama bila kuombwa. Kilimambogo ilikuwa pale mbele yao, bluu, na nyuma yake, mbali, nyembamba kama moshi, Mlima Kenya na theluji yake. Mumbua ndiye aliyemwonyesha mahali hapo, mwaka wa themanini.

"Dere, wewe uko na watoto?" Bartholomew aliuliza, jicho kwenye kamera.

"Niko na mmoja. Msichana."

"Ameolewa?"

"Karibu."

"Basi utakula mbuzi na wewe!" Akampiga bega. Bonface aligeuza uso dirishani.

Uani Kyandulu palijaa watu. Majirani waliomjua Kaloki walimsalimia kwa macho tu, kwa kuwa Urbanus alishawaonya. Alitaka kubaki garini. Urbanus mwenyewe ndiye aliyemfuata, akasimama akikuna shingo, kisha akasema, "Ingia. Kaa na wageni." Na hivyo ndivyo Kaloki alivyokuja kuketi katika ntheo ya mwanawe upande wa kina bwana harusi, kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini.

Maneno yalikwenda vizuri. Wazee walitaniana, mbuzi wakasifiwa, beberu akaambiwa ana ndevu za chifu. Kisha Nzilani akaitwa. Aliingia na leso mpya, ameinamisha uso, na mzee mmoja akamuuliza kwa sauti wote wasikie, "Nzilani, hizi mbuzi tukule ama turudishe?"

"Mkule," alisema, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Basi mpelekee baba yako kamba."

Bonface akampa kamba mkononi. Urbanus alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa hapo mbele, hatua tatu hazifiki. Nzilani akaanza kumwendea. Akasimama. Beberu akavuta huku na huku. Halafu msichana akageuka, akakata chumba chote na mbuzi wake hadi kwenye benchi karibu na mlango, akasimama mbele ya Kaloki na kumnyooshea ile kamba kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

Kaloki aliona mkono wake mwenyewe umeinuka kutoka kwenye kofia. Miaka kumi na mitatu alikuwa amesuka, amefua, amengoja nje ya shule, na yote yalikuwa hapo, kwenye urefu wa kamba moja. Angeishika. Mungu anajua alitaka kuishika kuliko kitu chochote alichowahi kutaka. Juu ya bega la mtoto alimwona Urbanus ameanza kuinuka kitini, na Bonface amefumba macho.

"Ala, huyu si ni dere wetu?" alisema Bartholomew.

"Ndiyo," alisema Kaloki. Aliuteremsha mkono. "Mama, umepotea. Baba yako yuko kule. Mimi ni dereva tu."

Nzilani hakuondoka. Akasema kitu kidogo ambacho hakuna aliyekisikia ila Kaloki.

"Enda, mama," Kaloki akamwambia kwa upole, jinsi alivyokuwa akimwambia zamani mlangoni mwa shule.

Akaenda. Urbanus akaipokea kamba kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akajifuta uso, maana hata yeye hakuwa jiwe. Vigelegele vikapigwa upya. Watu wote walipiga makofi na Kaloki akapiga pamoja nao, upande wa wageni, hadi yalipokwisha.

Walishuka jua likiwa bado juu. Bartholomew alikuwa ameshiba, amekunywa, amefungua vifungo, na alikuwa katika hali ya kumpenda kila mtu. Nyuma, Bonface alijifunika uso kwa koti kama mtu aliyelala. Walipofika kwenye kona ile ya Kilimambogo, Bartholomew alicheka peke yake, akamgeukia dereva.

"Lakini umeona yule msichana? Eti anakuletea wewe kamba! Watoto wa siku hizi wakiona watu wengi wanachanganyikiwa, hata baba yao hawamjui."

"Nimeona," alisema Kaloki, akaingiza gia ya pili, kwa sababu pale mteremko ni mkali.