Kidole cha Shangazi

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni hiki: je, shangazi yangu akiniona kwenye televisheni, atajitambua?

Redioni hakuwahi kujitambua. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, nimekuwa mama muuza mawese katika kipindi cha vichekesho cha redio moja hapa Rumonge, mama mbishi asiyeamini mafuta ya mtu yeyote ila yake. Nilimbuni kwa kumwiga shangazi, dada yake baba, anayeuza mawese Kizuka. Yeye husikiliza, hucheka hadi machozi, kisha huniambia, "Huyo mama ni jirani yangu kabisa! Umemupata!" Nami hucheka naye. Nimesomea uchumi hadi chuo kikuu, na ujasiri wangu wote unaishia hapo.

Hata hiyo diplome yenyewe imenisaidia nini? Nilipopeleka barua ya kuomba kazi kwenye ofisi moja, karani aliiweka pembeni bila kuifungua, akawaita wenzake. "Mukuje! Mama wa redio iko hapa! Haya, toa ile sauti ya mama." Niliitoa. Walicheka. Barua ikabaki pembeni.

Basi televisheni moja ya Bujumbura iliponiita, ilimtaka mama huyohuyo, safari hii na kitenge chake na ishara zake. Shida ni ishara. Kabla ya kununua mafuta ya mkulima, shangazi huchovya kidole kidogo ndani ya dumu, hulamba, hufumba jicho moja, kisha hutazama juu kama anayesubiri jibu kutoka mbinguni. Hakuna mwingine afanyaye hivyo kuanzia Minago hadi Kabonga. Na bila kidole kile mama wangu si kitu. Nilijaribu kumpa kikohozi. Nilijaribu kumfanya achechemee. Upuuzi mtupu.

Alhamisi nikachoka kujiuliza. Nilipanda pikipiki hadi Kizuka, nikamkuta amekaa katikati ya madumu yake.

"Amahoro, shangazi."

Kabla hajanikaribisha nikachovya kidole, nikalamba, nikafumba jicho.

Alianza kucheka. Kisha akaacha.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi. Tangu mwanzo."

"Na mimi nilikuwa naenda kumucheka jirani mupaka kwake!" Akafunika dumu. "Redioni endelea, kule hakuna mwenye kuniona. Lakini kwa televisheni, hapana, mutoto wangu. Watu watakuja hapa kuangalia kidole, mafuta wataacha."

Njiani nilikuwa nimepanga hoja tano za kumbembeleza. Sikutoa hata moja. Nilitoa simu, palepale, yeye akisikia, nikamwambia mtayarishaji wa kipindi kwamba mama wa mawese haendi Bujumbura.

Mtayarishaji alicheka, akasema natania vizuri sana. Ilinibidi kurudia mara tatu.